Kocha Asiyeonekana Akifundisha

Katika filamu za michezo nilizopata kuziona, ni moja tu iliyonifanya nimfikirie mwalimu kuliko mwanafunzi, na ajabu ni kwamba waliyoitengeneza hawakuwa na nia hiyo. Inaitwa Downhill Racer, yaani Mshindani wa Mteremko. Ilitoka mwaka 1969. Mwongozaji wake alikuwa Michael Ritchie, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema. Maandishi yake yalitungwa na James Salter, mwandishi wa riwaya mwenye maneno machache na makali. Robert Redford anaigiza kijana mshindani, David Chappellet. Gene Hackman anaigiza kocha wake, Eugene Claire. Waigizaji hao wawili walifariki katika mwaka mmoja, 2025, Hackman mwezi Februari na Redford mwezi Septemba, na katika yote niliyoyasoma juu yao wakati huo, kazi hii waliyoifanya pamoja ilipewa nafasi ndogo mno. Mimi niliitazama mara ya kwanza kwenye televisheni nikiwa masomoni ng'ambo, nikaitazama tena mwaka huo wa msiba wao, nikiwa mstaafu mwenye muda wa kusimamisha picha na kurudia.

Najua msomaji wa Dodoma au wa Mombasa atauliza theluji inatuhusu nini sisi, ambao barafu yetu iko juu ya Kilimanjaro na kila mwaka inapungua. Swali ni halali. Lakini mtu akielewa mchezo wenyewe ulivyo, ataona kwamba mambo ya kocha Claire ni mambo ya kila ofisi ya mkuu wa shule.

Mchezo ni huu. Mtu hufunga miguuni vipande viwili virefu na vyembamba viitwavyo skii, kisha hujitosa kutoka juu mlimani mpaka bondeni. Hawashindani bega kwa bega kama wakimbiaji wetu. Huondoka mmoja mmoja, na anayetumia muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Mteremko wa Lauberhorn, ulioko Wengen katika nchi ya Uswisi, una urefu wa karibu kilometa 4 na nusu, na mabingwa huumaliza kwa muda wa kama dakika 2 na nusu. Mahali pengine kasi hupita kilometa 140 kwa saa, na mtu huwa amevaa kofia ngumu na nguo iliyombana. Jambo la muhimu ni zamu ya kuondoka. Wanaotangulia hukuta njia bado laini. Wa nyuma huikuta imechimbika mifereji kwa skii za wenzao. Kwa hiyo namba inayobandikwa kifuani kabla mtu hajaondoka ni nusu ya bahati yake, na mgeni asiye na jina hupewa namba ya mwisho mwisho.

Hapo ndipo hadithi inapoanzia. Mchezaji wa timu ya Marekani amevunjika huko Ulaya, na Claire anaita vijana wawili kutoka nyumbani kuziba pengo. Mmoja wao ni Chappellet, mtoto wa mji mdogo wa Idaho Springs, jimbo la Colorado. Anafika Wengen, anaona amepewa namba ya nyuma, anakataa kushindana. Amesafirishwa kuvuka bahari kwa fedha za watu, hajawahi kushinda chochote mbele ya mabingwa hao, naye anakataa! Nakiri nilicheka kwa sauti. Kila mkufunzi aliyewahi kuwapanga wanafunzi katika shule za mazoezi ya kufundisha anamjua kijana huyu: ndiye anayerudisha barua kwa sababu shule aliyopangiwa iko mbali na barabara ya lami. Claire hapigi kelele. Anamtazama tu, na Hackman anaufanya mtazamo ule uwe na mambo matatu ndani yake: hasira, uchovu, na hesabu. Hilo la tatu ndilo lililonivuta. Mwalimu mzoefu anapokasirishwa na mwanafunzi hodari, chini ya hasira kuna hesabu inaendelea.

Filamu inapita misimu kadhaa ya baridi, na Claire siku zote anaishi katika msimu ambao haujafika. Kwa anayeufahamu mwaka wa kocha wa skii hili si geni. Mwezi wa nne theluji inapoanza kuyeyuka, wachezaji hurudi makwao, lakini kocha ndiyo kwanza anaanza kazi. Lazima apime nani amekua na nani amefika mwisho. Majira ya joto ni ya kukimbia, kuinua vyuma na kuimarisha mapaja na magoti. Vuli ni ya kungoja. Kama mkulima wetu anavyosimama mlangoni mwezi wa kumi akitazama mawingu, ndivyo naye anavyotazama milima, na amekwisha kuandika majina katika orodha kabla ya kuona hata punje moja ya theluji. Siku hizi mashindano makubwa ya dunia hufunguliwa Sölden, Austria, mwishoni mwa Oktoba, juu kwenye barafu ya kudumu, kwa sababu penginepo bado ni majani matupu. Na hata hiyo ahadi ya theluji imekuwa mkopo. Mwaka 2022 mbio zilizopangwa kufanyika mwanzo wa msimu kwenye mpaka wa Uswisi na Italia, chini ya mlima Matterhorn, zilifutwa zote kwa kukosa theluji ya kutosha. Mwaka 2023 zikafutwa tena kwa ubaya wa hali ya hewa. Baada ya hapo zikaondolewa kwenye ratiba. Claire wa mwaka 1969 hakuwa na shaka hiyo. Shaka yake ilikuwa juu ya watu.

Juu yake kulikuwa na deni la taifa zima. Mpaka filamu hii inatoka, hakuna mwanamume Mmarekani aliyekuwa amepata dhahabu ya Olimpiki katika skii za mteremko, ingawa wanawake wao walikwisha kuzipata mwaka 1948 na 1952. Kocha halisi wa timu yao wakati ule, Bob Beattie, alichukua kazi mwaka 1961, na mwaka 1964 huko Innsbruck vijana wake wawili, Billy Kidd na Jimmie Heuga, wakaleta fedha na shaba, medali za kwanza kabisa kwa wanaume wa nchi hiyo katika milima. Kisha mwaka 1968 huko Grenoble, Mfaransa Jean-Claude Killy akachukua dhahabu zote tatu za wanaume. Claire wa filamu ni mtu wa kubuniwa, lakini anasimama katika kivuli cha mambo hayo. Ameahidi, na walioahidiwa wanahesabu miaka.

Sasa niseme sifa za filamu, maana ni nyingi. Ya kwanza ni picha. Mchezaji halisi wa skii, Joe Jay Jalbert, alishuka mteremko kwa kasi kubwa huku ameshika kamera mkononi, na ndiye pia aliyeteleza badala ya Redford katika sehemu za hatari. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji hatazami mbio kutoka pembeni, anashuka nazo. Ardhi inakuja usoni. Sauti ni ya upepo, ya pumzi, na ya chuma kikikwangua barafu. Hakuna ngoma za kutuambia tuogope. Mimi ambaye sijawahi kukanyaga skii nilijikuta nimeshika mikono ya kiti.

Ya pili ni ukimya. Salter anaamini kwamba watu wa aina hii hawajielezi, na amewaacha wasijieleze. Chappellet anaporudi kwao kwa baba yake, mzee mkulima anayeishi peke yake, wanakaa mezani kama watu wawili waliokutana stendi. Mzee anamuuliza anafanya haya yote kwa ajili ya nini. Kijana anajibu kwamba atakuwa bingwa. Mzee anamwambia, kwa maneno machache sana, kwamba mabingwa wamejaa duniani. Basi. Mwandishi mwingine angeongeza machozi. Hapa baba anaendelea kula, na sisi tunaelewa kijana alikotoa ubaridi wake.

Ubaridi huo unaonyeshwa kwa vitendo vidogo, na hapa naona ustadi mkubwa. Msichana wa mji wake anamweleza habari za maisha yake. Yeye anaomba ubani wa kutafuna. Mwanamke anayempenda huko Ulaya, Carole, anaongea ndani ya gari. Yeye anabonyeza honi kwa nguvu mpaka mwenzake ananyamaza. Hapigi mtu, hatukani mtu, haibi. Kwa kanuni za nidhamu za chuo chochote ninachokijua, usingepata kifungu cha kumfukuzia.

Nikishasema hayo, nina malalamiko moja kubwa, na ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi. Hii ni filamu yenye kocha ambamo karibu hatumwoni kocha akifundisha. Tunamwona Claire kwenye korido za hoteli, kwenye chumba cha chakula, kando ya njia na saa yake ya kupimia muda, akizungumza na waandishi wa habari. Anapanga, anakaripia, anatuliza. Lakini ni wapi alipomshika kijana begani akamwonyesha namna ya kukunja goti kabla ya kona? Ni wapi alipomweleza kwa nini alichelewa sehemu ile ya juu? Mtu akitoka sinemani anaweza kudhani kwamba bingwa huzaliwa na kocha ni karani wa safari zake tu.

Najua jibu la watetezi wa filamu. Watasema kwamba kwa kiwango kile mchezaji ameshafundishwa, na kwamba Ritchie alikuwa anaeleza habari za kijana asiyefundishika. Nusu ya jibu hilo naikubali. Lakini kumwonyesha mtu asiyefundishika lazima kwanza umwonyeshe mtu anayejaribu kumfundisha. Uliponyima mwalimu somo lake umemnyima pia kushindwa kwake, na kushindwa kwa Claire ndiko kungekuwa uti wa mgongo wa hadithi. Kazi ngumu ya kocha hufanyika mwezi wa tisa, uwanjani kwenye nyasi, mbele ya vijana kumi wanaonung'unika, na hakuna wapiga picha. Filamu inaigusa sehemu hiyo ya mwaka na kuiacha. Imependa theluji mno.

Hata hivyo iko sentensi moja ambayo inalipa sehemu kubwa ya deni hilo. Claire, amechoshwa, anamwambia Chappellet kwamba hakupata kamwe elimu ya kweli. Kwamba alichokuwa nacho maishani ni skii zake tu, na hizo hazitoshi. Hackman anayasema haya bila kupaza sauti, kama mtu anayesoma matokeo ya daktari. Nilisimamisha picha hapo nikakaa kimya.

Ni maneno ambayo mwalimu yeyote angependa kuyasema, na mengi kati yetu tumeyasema kwa namna moja au nyingine. Lakini tazama ni nani anayeyasema, na kwa nani, na lini. Anayesema ndiye aliyemwita kijana kutoka Colorado kwa sababu ya skii hizo hizo. Kama zingekuwa za polepole asingemwita, hata angekuwa na elimu ya Socrates. Na baada ya kusema, hamfukuzi. Hawezi. Baadaye Johnny Creech, mchezaji bora wa timu na mtu wa watu, anaumia vibaya kabla ya Olimpiki, na Claire anabaki na huyu mmoja. Wako watazamaji wanaomhukumu Claire hapa kwamba ni mnafiki: alihubiri elimu, kisha akapokea dhahabu. Mimi siwezi kuwa upande wao. Mwalimu hachagui darasa, na kocha aliyebaki na mchezaji mmoja mwenye kasi hawezi kumpeleka mlimani mwenye tabia njema anayemaliza wa thelathini. Maneno yake yalikuwa kweli na mahitaji yake yalikuwa kweli, na filamu inavishika vyote viwili bila kuvipatanisha. Hapo ndipo ilipo juu ya filamu nyingine za michezo, ambazo kocha hutoa hotuba, kijana akabadilika usiku mmoja, na ushindi ukaja kama mshahara wa toba.

Kuna pia mazungumzo mafupi ya msaidizi wa kocha na Creech. Msaidizi analalamika kwamba Chappellet hajawahi kuwa mtu wa timu na hatakuwa. Creech anamjibu kwamba, kwani, huu mchezo wenyewe ni wa timu? Jibu zuri, tena linatoka kwa mtu mwenye tabia njema kuliko wote. Ni kweli: juu pale mtu yuko peke yake na saa. Walakini aliyempimia nta ya skii zake, aliyempigia simu kutoka katikati ya njia kumweleza barafu iko wapi, aliyelipa hoteli, na yule aliyevunjika ili yeye aitwe, wote ni timu hata kama hataki kujua majina yao.

Jambo hili nalijua kutoka upande wa meza yangu. Chuo kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na mwanachuo ambaye alipoingia darasani wakati wa mazoezi ya kufundisha, wakufunzi tulikaa nyuma na kusahau kuandika. Alifundisha sehemu za desimali kwa maganda ya machungwa, na watoto wa darasa la nne walikuwa wakimsubiri mlangoni. Mwanachuo huyo huyo hakuwahi kumwazima mwenzake andalio la somo, hakushika jembe siku ya kazi za shamba ila kwa kusukumwa, na wenzake walipokuwa wakifanya majaribio yao yeye alitoka nje kuota jua. Kwenye kikao cha kutoa alama mkufunzi mmoja mzee alisema huyu asipewe daraja la kwanza, kwa sababu tunatoa walimu, hatutoi wachezaji wa jukwaani. Mwingine akamjibu kwamba karatasi iliyo mbele yetu ina vipengele, na "kuota jua" si kimojawapo. Alipewa alama alizostahili kwa vipengele vya karatasi. Yule mzee alikunja miwani yake, akasema, "Haya, mwalimu mkuu wake atatukumbuka." Sikuona wakati ule, na sioni leo, karatasi ambayo ingeweza kuandikwa vinginevyo. Lakini uso wa Claire pale chini ya mteremko ni uso wa yule mzee.

Wengine husema filamu hii ina chumvi, kwamba bingwa mwenye kiburi cha namna ile ni wa kubuniwa. Historia imejibu. Miaka 15 baada ya filamu, Mmarekani Bill Johnson alifika Olimpiki ya Sarajevo ya 1984 akitangaza waziwazi kwamba atashinda, na kwamba wengine wamekuja kugombea nafasi ya pili. Mwezi mmoja kabla, alikuwa ameshinda huko huko Wengen, ambako Chappellet wa filamu alikataa kushuka. Waaustria na Waswisi walikasirika. Tarehe 16 Februari akashuka kwa dakika 1 na sekunde 45.59, akampita Mswisi Peter Müller kwa sekunde 0.27, na nchi yake ikapata dhahabu ile ambayo Claire aliota. Hapo filamu ingeandika mwisho. Maisha yakaendelea. Hakupata tena ushindi mkubwa baada ya majira yale. Mwaka 2001, akiwa na miaka 40, alijaribu kurudi mashindanoni, akaanguka vibaya huko Montana, akaumia ubongo, na baadaye alilazimika kujifunza upya hata kuzungumza. Alifariki Januari 2016. Simwandiki kama mfano wa mtu aliyeadhibiwa. Mlima hauadhibu, na wanyenyekevu pia huanguka. Ninachosema ni kwamba ile sentensi ya Claire kuhusu skii ambazo hazitoshi ilikuwa na urefu ambao hata Salter huenda hakuupima. Kijana wa miaka 23 hana masikio ya kuisikia. Huanza kusikika baadaye sana, wakati kocha aliyeisema hayupo tena.

Wala haifai kumwachia msomaji dhana kwamba ubingwa wenyewe ndio unaomfanya mtu awe hivyo. Hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800, alianza kujifunza skii mwaka 1996 huko Finland, na mwaka 1998 akafika Olimpiki ya Nagano, Japani, katika mbio za kilometa 10, zile za kuteleza nyikani zisizo za mteremko. Alimaliza wa 92, wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, bingwa wa mabingwa wa mchezo ule. Utaratibu wa kugawa medali ulimngoja, naye akakataa kuondoka. Alisimama kwenye baridi mpaka Mkenya alipovuka mstari, akamkumbatia. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Nani alimfundisha bingwa yule kungoja? Ningetoa thawabu kuijua kambi yake ya mazoezi, mwezi wa tisa.

Turudi kwenye sinema, mwisho wake. Ni Olimpiki. Chappellet ameshuka, amempita bingwa wa Austria, saa inaonyesha jina lake juu. Kamera zinamzonga, watu wanampigia kelele. Claire anafurahi, kwa mara ya kwanza tunaona uso wake umefunguka wote. Lakini mchezo huu, kama nilivyoeleza, una ukatili wake: walio nyuma bado wanashuka. Mjerumani mmoja kijana, ambaye hakuna aliyemtia maanani, yuko njiani, na muda wake wa katikati ni mzuri kuliko wa Chappellet. Kelele zinapungua. Waandishi wanaanza kugeuka, na huyu waliyekuwa wamemzunguka anabaki na nafasi tupu pembeni yake. Redford anaonyesha kitu usoni ambacho hatujakiona tangu mwanzo, nacho ni hofu ya kawaida, ya mtoto. Kisha Mjerumani anaanguka. Umati unarudi. Chappellet anabebwa mabegani. Yule aliyeanguka anapita karibu, na macho yao yanakutana kwa muda mfupi.

Watazamaji wengi hutoka wakizungumzia mtazamo huo wa vijana wawili, na ni haki yake. Mimi katika mara hii ya pili nilikuwa namtafuta Claire katika umati. Amepata alichokiahidi. Creech yuko kitandani na jeraha lake. Yule kijana mwingine aliyekuja naye Chappellet siku ya kwanza hajapata jina. Huko Ujerumani kuna kocha mwenzake ambaye usiku huo ana mchezaji wa kumtuliza, mwenye kasi kuliko dhahabu iliyotolewa leo, na ambaye majira yajayo atakuwa na namba ya mbele. Baada ya wiki chache theluji itaanza kulainika. Claire atafungua daftari la msimu mpya, na jina la kwanza atakaloliandika, kabla hajaamua lolote juu ya wengine, ni la Chappellet.